Breki za Moto Hazimwagiwi Maji

Mwanangu Atupele,

Ningeanza kwa kukuuliza hali yako, kama tulivyofundishwa shuleni kuandika barua, lakini hali yako naisikia kupitia ukutani. Umelala, na unakoroma kama mtu aliyeshinda akipasua mbao. Mimi mikono yangu bado inanuka petroli ingawa nimeisugua kwa sabuni ya kufulia, kwa hiyo ukikuta doa kwenye karatasi hii ujue ni grisi, si machozi. Machozi nimeyapangia kesho ukishaondoka, nitakapokuwa na nafasi.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala za kunywa uji asubuhi, wala za kutafuta usharika. Hayo nimeshayasema mpaka baba yako akaniuliza kama nimemeza redio. Huko milimani Umalila watu wanamsubiri mtaalamu wa mifugo awatazamie ng'ombe wao, na mtaalamu wa mifugo anajua kujifunika mwenyewe. Nataka kukuandikia kuhusu kazi tuliyoifanya leo uani, mimi na wewe, ya kumbadilishia Nyati, gari letu, diski za breki za mbele. Nikiwa nimechuchumaa pale kando ya gurudumu niliona mambo ambayo sikuyasema. Unanijua. Nikishika spana maneno yangu yote huwa ni "shika", "vuta" na "siyo hivyo".

Na lipo lile suala la Chesko. Tangu Jumapili nilipotangaza mezani kwamba Chesko dereva wa mbao ndiye atakayemwendesha Nyati mpaka Mbeya, na wewe ukae pembeni, hatujasemezana vizuri. Wewe ulisema, "Kama huniamini, mama, baki na gari lako. Nitapanda basi." Mimi nikasema huo ni ujeuri, na kwamba hujakomaa. Kisha tukala wali kimyakimya, na baba yako akausifia wali huo kupita kiasi ili tu pasikike sauti ya mtu. Sitaki uondoke na jambo hilo likining'inia. Nitalifikia, lakini acha nianzie mbali kidogo.

Hukumjua vizuri babu yako mzaa mimi. Alikuwa dereva wa lori la mbao, na likizo za shule alinichukua nikae naye mbele, katikati ya yeye na utingo. Tulikuwa tukitoka hapa Mafinga na mzigo, na sehemu ya safari niliyoisubiri ni mteremko wa Kitonga. Babu alikuwa akiushuka polepole, mdomo umefungwa, hasalimii mtu. Tukifika chini aliegesha, akashuka na dumu la maji, akayamwagia magurudumu yaliyokuwa yakifuka joto. Maji yalilia chwaaa, mvuke ukampanda mpaka kofiani, naye hapo ndipo alipoanza tena kucheka na watu. "Gari likishafanya kazi linyweshwe," alikuwa akisema. "Hata ng'ombe wa kulima unamnywesha." Madereva wote niliowaona pale walifanya hivyohivyo, kila mmoja na dumu lake, na mimi nikiwa mtoto niliona hiyo ndiyo heshima ya udereva.

Basi nilipompata Nyati, akiwa mzee tayari, nikaanza kubeba viazi kutoka Igowole, kitu cha kwanza nilichonunua kilikuwa dumu. Unakumbuka ule mteremko unaoishia kwenye kijito? Wewe ndiye uliyekuwa ukigombania kopo. Tulikuwa tukisimama pale na magunia ya viazi mgongoni mwa gari, unachota, unamwaga kwenye diski za mbele kupitia matundu ya rimu, chwaaa, na wewe unapiga makofi. Wanawake waliokuwa wakifua walikuwa wakisema, "Mama Atu amefika, gari lake linakunywa." Nilifurahi sana kuitwa hivyo. Nilijiona nimekuwa babu yako, mwenye sketi.

Kisha Nyati akaanza kutetemeka. Ukikanyaga breki kwenye mteremko usukani ulicheza mikononi mpaka bangili zikagongana. Nilisema ni matairi, nikabadilisha matairi. Nilisema ni barabara, na hapo nilikuwa na ushahidi mwingi. Nilisema ni namna unavyokanyaga wewe, kwamba mguu wako una haraka. Baba yako, ambaye kwa magari anajua mahali pa kuwashia redio tu, akasema gari limeanza kuishi Mufindi, na Mufindi hii nani hatetemeki asubuhi? Mzaha huo ulitutosha kwa muda mrefu. Kazi ya mzaha mzuri ni hiyo, unakuwezesha kutolitazama tatizo.

Ni wewe uliyesema ni diski. Ulisema mara moja, kwa sauti ya kawaida. Mimi nikakuuliza hayo uliyasomea kwenye ng'ombe gani. Ukacheka. Na ulipopata kazi, nikasema nakupa Nyati kwa sababu kwenye milima ile bila gari imara utatembea mpaka viatu viishe, ukaagiza diski na pedi mpya kutoka kwa wauza vipuri wa Mlandege, kule Iringa mjini, zikaja kwa basi zimefungwa kwenye karatasi ya mafuta. Nilitaka tumpeleke gereji. Ulinijibu, "Hapana mama. Tufanye wenyewe. Nataka kujua ninachoshuka nacho."

Nilikwenda kutafuta jeki.

Asubuhi ya leo ukungu ulikuwa bado umekaa kwenye misonobari tulipoanza. Uliweka magogo nyuma ya magurudumu ya nyuma bila kuambiwa, ukailegeza nati kila moja kabla ya kuinua, ukapanga vipande vya mbao nene chini ya ekseli ili tusiitegemee jeki peke yake. Nilikuwa nimejiandaa kukurekebisha na sikupata pa kuanzia. Nilipofungua kalipa, kile chuma kinachozibana pedi, nikaiacha ining'inie kwa bomba lake la mafuta, kama nilivyozoea siku zote. Ukainyanyua taratibu, ukaifunga kwa kamba kwenye springi. "Bomba hili ndo uhai wenyewe, mama," ulisema. "Likipasuka ndani hutaliona." Nikasema najua. Sikuwa najua.

Halafu baba yako akataka kusaidia. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva, redio iko juu, na wimbo ulipomkolea akaanza kupiga mguu. Aliupiga kwenye nini? Kwenye pedali ya breki, na kalipa iko wazi. Nikaona pistoni, ile inayosukuma pedi, inatoka kidogokidogo inatutazama.

"Baba, mguu," ulisema.

"Mguu umefanyaje?"

"Uutoe hapo. Taratibu. Shuka kabisa kwenye gari."

"Hata wimbo haujaisha."

Tulimtuma akatafute pombe ya ulanzi, na nadhani kwa mchango wake wote wa leo huo ndio ulikuwa bora. Alipoondoka tulicheka mpaka ukakaa chini kwenye majani ya misonobari, na mimi nikainamia bodi ya gari, nimeshika mbavu. Ilikuwa siku nyingi hatujacheka namna ile. Tangu Jumapili nilikuwa nimejikaza kama mlango uliovimba kwa mvua.

Zile boliti zinazoshika diski kwenye habu, kitovu cha gurudumu, ndizo zilizotaka kunivunjia heshima. Habu tulikuwa tumeitoa nzima na beringi zake, tukaiweka juu ya kipande cha gogo, na boliti za nyuma yake zilikuwa zimeshikana kwa kutu. Nilichomeka bomba refu kwenye spana, nikavuta, nikasukuma, nikatukana kwa Kihehe maneno ambayo bibi yako aliniomba nisiyaseme karibu na kanisa. Nilitaka kuchukua nyundo. Wewe ulizipaka oili zote, ukafuta mikono, ukasema tukanywe chai. Chai, kazi iko katikati! Nilikunywa nimesimama. Tuliporudi ukaivuta ya kwanza kwa mkono wa utulivu, ikalia mlio mfupi, ikaachia. Ukahamia ya pili. Ungekuwa ni mimi ningewaita majirani.

Ndipo ukaichukua diski ya zamani, ukailaza juu ya mpya, ukaziinua zote mbili kuelekea kwenye mwanga. Nuru ilipita katikati upande mmoja. Diski yetu ilikuwa imepinda. Ukapitisha kucha juu yake ukanionyesha mipasuko midogo, myembamba kama nywele, na madoa ya buluu ya chuma kilichoungua.

"Hii ilipata moto sana, halafu ikapozwa ghafla," ulisema. Nikaona unakumbuka. "Mama. Si tulikuwa tunainywesha?"

Nilitaka kusema babu yako alifanya hivyo maisha yake yote. Lakini malori yake yalikuwa na breki za madramu mazito ya chuma, na hata hayo sijui aliyabadilisha mara ngapi, maana aliyebadilisha alikuwa fundi wa tajiri, si yeye. Miaka yote ile nilikuwa nasimama kwenye kijito kile, watu wananisifu, nalimwagia gari langu ugonjwa, halafu nafika nyumbani nauliza limepatwa na nini. Nikakaa kwenye ndoo. Wewe ukakaa kwenye tairi. Ukasema, "Na kopo nilikuwa nashika mimi," na hapo ndipo kilipotutoka kicheko cha pili, kikubwa kuliko cha kwanza. Baba yako alirudi na ulanzi wake akadhani tumeshakunywa.

Sasa usiogope, sitageuza breki kuwa mahubiri. Wachungaji wapo, na wana majoho. Lakini nilipokuwa nimekaa kwenye ndoo ile, nikiitazama mipasuko, sikuwa nafikiria Nyati peke yake. Nilikumbuka siku uliyokuja mbio kutoka stendi, uso unawaka, kuniambia umechaguliwa kusomea mifugo. Nilikuwa namenya viazi. Nilikujibu, "Yaani nimekusomesha ukashike mikia ya ng'ombe?" Ulisimama pale mlangoni na begi lako, ule mwako ukazimika usoni nikiuona, ukaenda kubadilisha nguo. Niliamini nimekutuliza. Na Jumapili, ulipotandika ramani mezani ukanionyesha kwa kidole wapi utapumzisha gari, Makambako, Igawa, Igurusi, ulikuwa tena unawaka vilevile, nami nikakumwagia Chesko.

Si kwa ubaya, mwanangu. Ndivyo nilivyoona upendo ukifanywa. Kikichemka kitu cha mtu wako, unakimbilia maji.

Chesko hakuwa na uhusiano wowote na uwezo wako. Mteremko wa Mlima Nyoka, ule wa kuingilia Uyole, umeniingia kichwani na hautoki. Naona malori, naona ukungu, nakuona wewe. Ningeweza kukuambia hivyo tu, kwamba naogopa. Neno lenyewe ni fupi. Badala yake nikasema hujakomaa, ambalo ni refu zaidi na ni la uongo.

Acha nirudi kwenye kazi, maana sehemu iliyobaki ndiyo niliyoipenda. Diski mpya uliziosha kwa petroli ili kutoa yale mafuta ya kiwandani, ukazifuta kwa kitambaa safi, na mimi nilipounyoosha mkono wenye grisi kuishika moja ukanipiga kofi la mkononi kama nilivyokuwa nikikupiga wewe mbele ya sufuria ya mandazi. Lakini tulipofika kwenye beringi ulisogea pembeni. "Hapa we ndo mwenye mkono, mama," ulisema. Nilifurahi kuliko unavyodhani. Nilizijaza grisi kwa kiganja, nikaingiza habu, nikakaza nati huku wewe ukiizungusha habu, nikakuonyesha: unakaza mpaka ianze kuwa nzito, kisha unalegeza kidogo, kidogo tu, izunguke yenyewe lakini isicheze. Uliweka mkono wako juu ya wangu ili usikie. Hakuna kitabu cha jambo hilo, ni mkono kwa mkono, na babu yako naye ndivyo alivyonipa. Kwa hiyo usimdharau kwa sababu ya dumu. Alinipa mabaya machache na mazuri mengi, na yote aliyatoa kwa moyo uleule.

Upande wa pili ulikwenda haraka, kwa kuwa tulikuwa tumeshakosea upande wa kwanza. Ukaikanyaga pedali mara nyingi kabla hatujasogea, mpaka ikaacha kuzama na kuwa ngumu. Kisha tukatoka, wewe kwenye usukani, kuelekea msitu wa Sao Hill. Ulikanyaga breki kidogokidogo, ukaachia, ukakanyaga tena, pedi na diski zizoeane. Kwenye mteremko wa kwanza nilizishika bangili zangu kwa mazoea, nikisubiri zigongane, nazo zikakaa kimya. Nyati alisimama kama ng'ombe aliyeshiba. Ulinitazama, ukaachia meno yote, nami nikapiga kigelegele ndani ya gari, peke yangu, mpaka dereva wa lori la magogo aliyekuwa akipishana nasi akatupigia honi. Sina cha kukueleza kuhusu furaha ile. Ulikuwepo.

Ulipokuwa ukioga jioni nilivuka barabara nikaenda kwa Chesko. Nilimkuta anapiga mswaki viatu vyake vya safari.

"Kamwene, Mama Atu. Kesho saa ngapi?"

"Kamwene. Kesho usije."

"Kumbe mmeshindwa kumaliza?"

"Tumemaliza. Gari lina dereva."

Alicheka, akaviweka viatu chini. "Mi mwenyewe nilikuwa nakuja kwa heshima yako tu. Yule dada anashuka mlima vizuri kukuzidi we." Nikamwambia asirudie maneno hayo sokoni.

Kwa hiyo kesho ni wewe na Nyati. Kwenye mteremko ingiza gia ndogo mapema, kabla hujaihitaji, uiachie injini kazi yake, breki uzitumie kwa vipande. Hilo unalijua, naliandika kwa raha yangu. Ukifika chini ukasikia harufu ya moto, egesha pembeni, ushuke, usalimie watu, ununue hata karanga. Diski itapoa kwa wakati wake. Na huko Umalila, mwanangu, atatokea mzee mwenye moyo mwema, atalikimbilia gari lako na ndoo ya maji. Mshike mkono, mshukuru kwa adabu, umzuie. Usimcheke. Mwambie mama yako alikuwa hivyo.

Lipo jambo moja ambalo hujawahi kuliona, kwa sababu ukiendesha macho yako huwa barabarani. Kila ukikaribia kona, mguu wangu wa kulia hukanyaga sakafu, huku kwa abiria kusikokuwa na breki. Leo nimekanyaga njia nzima, kwenda na kurudi, hata nilipokuwa napiga kigelegele. Kesho utakapokuwa unaushuka Mlima Nyoka nitakuwa jikoni, na najua nitakuwa naikanyaga sakafu ya jikoni kwa nguvu zangu zote, na baba yako atauliza nimepatwa na nini. Nitamwambia namsaidia mtoto kushuka. Wewe usiusubiri mguu wangu, Atu. Gari linasimama kwa wako.

Mimi mama yako, ninayekufungulia geti asubuhi.